Picha za studio ufukweni Mwanza: rifleka, flashi ndogo, flashi ya betri au taa ya LED?

Kabla ya kununua chochote, amua utapiga picha saa ngapi na utasimama upande gani wa majabali ya ufukweni. Kifaa kinachotosha vizuri kivulini saa 11 jioni kinashindwa kabisa juani saa 7 mchana, hata kama mteja ni yuleyule na ufukwe ni uleule. Watu wengi huanza kwa kuuliza flashi ina wati ngapi, wanaponunua ndipo wanagundua kwamba kilichowashinda ni upepo wa ziwa au jua la utosini.

Hapa tunalinganisha njia nne za kupata mwanga wa studio nje, zote zikiwa za kubebeka bila gari la mizigo: rifleka (kitambaa cha kudunda mwanga) peke yake, flashi ndogo ya juu ya kamera iliyowekwa kwenye stendi, flashi kubwa ya betri (200 Ws hadi 600 Ws; Ws ni wati-sekunde, yaani nishati ya pigo moja), na taa ya LED inayowaka muda wote.

Jua unalopambana nalo

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda na kushuka karibu wima. Huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 kasoro asubuhi, na kuzama kati ya saa 12:40 na saa 1 na dakika chache jioni, mwaka mzima. Linapita katikati ya anga karibu saa 7 kasorobo mchana, si saa 6 kamili. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita juu ya utosi kabisa. Hapo macho huwa mashimo meusi, pua hutupa kivuli mdomoni, na hata jabali kubwa halina kivuli cha kumsimamisha mtu.

Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua limepita nyuzi 45 na uso wa mtu hautapendeza bila kufunikwa au kumulikwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hali hiyo huanza karibu saa 4 kasorobo asubuhi na kuisha karibu saa 10 kasorobo alasiri. Saa moja kabla ya jua kuzama, liko nyuzi 15 tu juu ya upeo. Mwanga ule laini wa dhahabu ni wa saa hiyo moja, na baada ya jua kuzama unabaki na dakika 20 hivi kabla giza halijashika. Ndiyo maana kifaa kinachochukua nusu saa kufunga ni hasara huku kwetu, hata kikiwa bora kiasi gani.

Jambo la pili ni mwelekeo. Ghuba ya Mwanza iko magharibi mwa mji. Ukimsimamisha mtu na ghuba nyuma yake, iwe ni maji matupu au Jiwe la Bismarck, asubuhi jua linampiga usoni na anakunja macho. Jioni jua liko mgongoni mwake, nywele na mabega yanang'aa vizuri, lakini uso ni giza. Picha nyingi wanazozitaka wateja ni za jioni, kwa hiyo swali la kifaa ni swali la uso ulio gizani mbele ya anga angavu.

Hesabu inayotenganisha vifaa

Namba tatu hutawala mwanga kwenye kamera: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde) na tundu la lenzi (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Jua kali kwa ISO 100 na shata ya 1/200 linahitaji tundu la f/11 hivi. Kivuli kizuri cha wazi, kwa mfano upande wa jabali usiopigwa na jua, kinahitaji f/4 hivi kwa mpangilio huohuo. Tofauti ni stopu tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili), maana yake mwanga mara nane. Flashi yako lazima ifikie namba hiyo kwenye uso, ikiwa ndani ya softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) au mwavuli.

Namba zilizo hapa chini ni za nguvu kamili, flashi ikiwa mita 1 kutoka usoni na kitambaa cha kulainisha mwanga kikiwa mbele yake. Hubadilika kidogo kwa aina ya kitambaa.

| Kifaa | Mwanga usoni, mita 1, ISO 100 | Juani | Kivulini | Upepo |
|---|---|---|---|---|
| Rifleka sm 110 | hutegemea jua | ndiyo, ikishikwa na mtu | dhaifu | mbaya |
| Flashi ndogo na mwavuli | f/5.6 hadi f/8 | haitoshi | ndiyo | mbaya |
| Flashi 200 Ws, softiboksi sm 60–80 | karibu f/11 | inatosha kwa kifua na uso | ndiyo, kwa nusu au robo | inavumilika |
| Flashi 600 Ws, softiboksi sm 120 | karibu f/16 na zaidi | inatosha hata mwili mzima | nguvu ya ziada | mtu lazima ashike |
| LED 60 W hadi 300 W | ndogo mno kwa picha za juani | hapana | kidogo | inategemea softiboksi |

Umbali ndio unaokula nguvu. Ukiisogeza flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, umepoteza stopu mbili. Ukiisogeza kutoka mita 1.2 hadi sentimita 60, umeongeza stopu mbili bila kutoa shilingi. Na kwa kuwa ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganisha na umbali wake, softiboksi ya sm 60 iliyo sentimita 60 kutoka usoni ni laini sawa na ya sm 120 iliyo mita 1.2. Kwa picha za uso na kifua, kidogo na karibu hushinda kikubwa na mbali, hasa mahali penye upepo.

Rifleka

Ni ya bei ya chini kuliko vyote, haihitaji betri, na ile ya vipande vitano ina upande mweupe, wa fedha, wa dhahabu, mweusi, na kitambaa cha katikati kinachopitisha mwanga. Watu wengi hutumia fedha tu, na hapo ndipo picha zinapoharibika: jua la mchana likidunda kwenye fedha, mteja hawezi kufungua macho. Dhahabu nayo hugeuza ngozi nyeusi kuwa ya chungwa isiyofutika kirahisi kwenye kompyuta. Tumia mweupe.

Kazi yake bora zaidi ni ile ya kitambaa cha katikati. Mtu mmoja akikishika nusu mita juu ya kichwa cha mteja, jua hupungua kwa stopu moja hadi moja na nusu, vivuli vya machoni vinalainika, na unapata mwanga wa dirisha la studio saa 5 asubuhi. Ubaya wake ni kwamba mandhari ya nyuma inabaki juani, kwa hiyo inang'aa kupita uso. Chagua nyuma iliyo na kivuli au jiwe jeusi.

Rifleka ya kudunda mwanga ishikwe usawa wa kifua au juu zaidi. Ikiwa chini magotini, mwanga unatoka chini ya kidevu na uso unatisha. Na upande mweusi usiusahau: kivulini, ukiuweka sentimita 40 kutoka shavu moja, unanyonya mwanga upande huo na uso unapata umbo bila flashi yoyote.

Flashi ndogo kwenye stendi

Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa mwenye kamera tayari. Flashi moja, triga ya redio ya 2.4 GHz (kiwashio cha flashi kwa mbali), stendi, kibanio cha mwavuli na mwavuli mweupe wa sm 100. Vyote vinaingia kwenye begi la mgongoni, na stendi inayojikunja kinyume huwa fupi ya sentimita 50, kwa hiyo bodaboda inatosha.

Kivulini ni kifaa halali cha studio. Weka shata 1/200, ISO 100, f/5.6. Mandhari ya nyuma itakuwa nyeusi kwa stopu moja kuliko hali yake, na flashi kwa nusu ya nguvu hadi nguvu kamili itaushika uso. Hapo ndipo picha inapoanza kuonekana ya studio: mtu anang'aa, nyuma imetulia.

Juani haitoshi. Wengi hujaribu kuikomboa kwa HSS, ule mpangilio unaoruhusu shata ya 1/2000 na kuendelea. HSS haiongezi nguvu, inaipunguza. Flashi inalazimika kuwaka mfululizo wakati shata inapita, na unapoteza stopu mbili hivi hapo mwanzoni. Flashi ndogo ndani ya mwavuli, kwa HSS, juani, karibu haionekani kwenye picha, na inapata moto hadi ijizime. Kama unataka f/4 juani, kichujio cheusi cha stopu tatu (ND8) ni njia bora zaidi, kwa kuwa kinakuacha kwenye 1/200. Lakini kumbuka kwamba flashi bado inatakiwa iwe na nguvu ileile ya f/11. Kichujio kinazuia mwanga wa flashi pia.

Matatizo mengine ya flashi ndogo ni ya kila siku. Betri kavu za dukani huchoka haraka. Flashi inachukua sekunde 6 au zaidi kujaa, unabonyeza, picha inatoka nyeusi. Nunua betri za kuchaji za NiMH, nne ndani na nne mfukoni, au chukua flashi yenye betri ya lithiamu. Triga za kuonana kwa mwanga hushindwa juani, kwa hiyo redio tu. Na ukiona ukanda mweusi chini au juu ya picha, shata yako imevuka 1/200 (baadhi ya kamera hufika 1/250) bila HSS.

Flashi ya betri, 200 Ws hadi 600 Ws

Kama tungeambiwa tuchague kifaa kimoja kwa mpiga picha wa Mwanza anayepiga mahafali, maharusi na picha za familia, tungechagua flashi ya 200 Ws. Mfano unaojulikana ni Godox AD200Pro: ni ndogo ya kushikika mkononi, na betri moja inatoa picha takriban 500 za nguvu kamili. Kwa mzunguko mmoja wa jioni, hata harusi ikichelewa, betri moja inatosha.

Faida yake kubwa inaonekana jioni ufukweni Bwiru au Luchelele, jua likiwa mgongoni mwa mteja. Weka flashi ndani ya softiboksi ya sm 60 au 80, ipandishe juu kidogo ya macho, nyuzi 45 pembeni, umbali wa sentimita 80. Kisha:

Zima flashi kwanza. Kwa 1/200 na ISO 100, funga tundu la lenzi hadi anga na maji yawe na rangi unayoitaka. Pengine f/8 au f/11. Uso utakuwa mweusi kabisa na ndivyo inavyotakiwa. Washa flashi kwa robo ya nguvu, piga, angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na si picha kwenye kioo cha kamera, kwa kuwa kioo juani kinakudanganya kila mara. Ongeza au punguza flashi tu. Ukigusa tundu la lenzi sasa, vyote viwili vinabadilika na unaanza upya.

Tumia mpangilio wa mkono, si TTL (kamera kujipimia nguvu ya flashi yenyewe), kwa bibi harusi na mhitimu. Gauni jeupe huidanganya kamera ipunguze flashi, na uso unabaki giza. Joho jeusi hufanya kinyume.

Ngozi nyeusi inastahili uangalifu wa pekee hapa. Umbo la uso mweusi huonekana zaidi kupitia mng'ao kuliko kupitia kivuli. Chanzo kidogo na kikali hutoa vidoa vyeupe vidogo kwenye paji na pua. Chanzo kikubwa kilicho karibu kinatandaza mng'ao huo uwe utepe mpana laini kwenye shavu. Kwa hiyo usiwahi kutumia flashi tupu bila kitambaa kwa sababu tu jua ni kali. Na beba karatasi za kufuta jasho, pamoja na poda isiyong'aa: unyevu wa ziwani na jua la alasiri hung'arisha paji la uso ndani ya dakika chache.

Lini basi 600 Ws? Unapolazimika kuiweka flashi mbali. Picha ya mwili mzima ya bibi harusi inataka flashi iwe mita 2 hadi 2.5, nje ya fremu. Familia ya watu wanane kwa safu mbili ni kesi ngumu zaidi. Flashi ikiwa mita 1 kutoka safu ya mbele na mita 2 kutoka ya nyuma, safu ya nyuma inapata robo ya mwanga. Ikiwa mita 3, tofauti inashuka hadi stopu 0.8 hivi, lakini umepoteza stopu tatu za nguvu. 200 Ws haiwezi kazi hiyo juani. Flashi kama Godox AD600Pro inaiweza: hujaa tena ndani ya sekunde 0.9 hivi, na betri inatoa picha takriban 360 za nguvu kamili. Ila ni kilo 3 juu ya stendi, na hilo linabadilisha kila kitu kuhusu stendi na upepo. Kwa kazi chache kama hizo, kukodi kuna maana zaidi kuliko kununua, au ihamishe familia kivulini na 200 Ws itatosha.

Taa ya LED

LED ina mvuto wake: unaona mwanga kabla ya kupiga, na video inawezekana. Lakini fanya hesabu. Taa ya 300 W, kwa shata ya 1/200, inatumia jouli 1.5 tu kwa picha ile. Flashi ya 200 Ws inatupa jouli 200 kwa pigo moja. Hata kama LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo hilo halizibiki juani.

Muda wake ni zile dakika 20 baada ya jua kuzama, ambapo hata 60 W ndani ya softiboksi ndogo inatosha kwa ISO 800. Betri mbili kubwa za aina ya NP-F zina jumla ya karibu Wh 100, kwa hiyo utapata saa moja na nusu kwa nguvu kamili. Tatizo la pekee la huku ni wadudu wa ziwani. Taa inayowaka muda wote kando ya maji jioni huwaita kwa maelfu, wanaingia kwenye softiboksi, nywele na vipodozi. Flashi inawaka kufumba na kufumbua, kwa hiyo haiwavuti hivyo.

Kama kazi yako ni nusu video nusu picha, nunua LED pamoja na flashi ndogo. Kama ni picha tu, usianzie hapa.

Upepo ndio unaoamua softiboksi

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri, muda uleule unaopanga kazi, mara nyingi umeshika kasi. Tazama maji. Majani na vijiti vikitikisika mfululizo na vilele vya mawimbi vinaanza kuwa na povu jeupe hapa na pale, upepo uko karibu kilomita 18 kwa saa. Unaisukuma softiboksi ya sm 120 kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Kasi ikifika kilomita 29, nguvu inakuwa kilo 5, na hiyo inasukuma kileleni mwa stendi ya mita 2. Hakuna mfuko wa mchanga wa kawaida utakaoizuia isianguke. Softiboksi ya sm 60 kwa upepo wa kilomita 18 inatulizwa na kilo 5 hivi.

Uzito usibebe kutoka nyumbani. Chukua kidumu kitupu cha lita 10 na kamba; ukikijaza maji ufukweni umepata kilo 10, kisha kining'inize kwenye stendi chini kabisa, kikigusa ardhi kidogo kisipepee. Elekeza mguu mmoja wa stendi upande ambao upepo unaelekea. Mwavuli ni mbaya kuliko softiboksi ya ukubwa uleule kwa kuwa unakamata upepo na mbavu zake hugeuka. Povu likienea ziwani, acha stendi kabisa: msaidizi ashike flashi ya 200 Ws kwenye fimbo. Kwa 600 Ws yenye sm 120, msaidizi hana mjadala hata upepo ukiwa mdogo.

Pazia la nyuma ndilo gumu zaidi. Kitambaa cha mita 1.5 kwa 2 ni tanga. Funga juu na chini kwenye kitu kisichosogea, kama ukuta, gari, au nyufa za jabali, na uweke mita 1.5 nyuma ya mteja ili kivuli chake kisiangukie hapo. Karatasi za studio ziache nyumbani. Ukweli ni kwamba jabali la Mwanza lenyewe, upande wa kivulini, ni pazia la kijivu zuri kuliko mengi yanayouzwa: lina mikwaruzo, halipepei, na kwa f/4 ukimtenga mteja nalo mita 2, linalainika.

Mteja akitaka kusimama majini, mkatalie. Kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa hili na huingia kupitia ngozi. Jiwe lililochomoza juu ya maji linatoa picha ileile miguu ikiwa mikavu. Ukipanga Kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa. Uliza mapema kuhusu kiingilio na kibali cha picha za biashara.

Kwa bajeti ndogo, basi: rifleka na flashi ndogo, kazi zote ziwe kivulini au baada ya saa 11 jioni. Ukiwa na wateja wa uhakika, flashi ya 200 Ws, softiboksi ya sm 60, ND8 kwenye lenzi, na jeli (plastiki nyembamba yenye rangi) nyepesi ya chungwa mbele ya flashi jioni ili uso ulingane na joto la anga. Bila jeli, uso hutoka na rangi ya baridi mbele ya machweo. Fedha inayobaki isiende kwenye flashi ya pili. Iende kwa msaidizi wa siku hiyo, na betri ya akiba iliyochajiwa jana yake, maana umeme ukikatika asubuhi ya kazi hakuna njia ya kuijaza ufukweni.